Pasi Isiyosema Ulizaliwa Wapi

Jumatatu, 9 Juni 2025

Idi imekwisha, ofisi imefunguliwa, na Bwana Zein amenihamisha meza. Miaka mitano nimechapa fomu za vitambulisho vya ukaazi. Kuanzia leo nachapa za viza za Ulaya, kwa kuwa aliyekuwa hapo ameolewa na kuhamia Muscat. "Wewe una jicho la mwizi, bibie," kaniambia. "Kosa halikupiti. Kaa hapo." Sijui kama ni sifa.

Kwa atakayeliokota daftari hili: naitwa Marietha, Mtanzania, karani wa ofisi ya kuchapa iliyo Bur Dubai, nyuma ya maduka ya vitambaa. Watu wanatuletea karatasi zao, nasi tunawajazia fomu. Hatutoi viza wala hatunyimi. Naandika ili nikusanye makosa ya wateja, maana nimegundua kila mtu hudanganya kidogo kwenye fomu, na uongo wa fomu unanikera kuliko joto. Leo nyuzi arobaini na mbili.

Jumatatu, 16 Juni

Nimepata mteja ambaye swali lake la kwanza lilikuwa, "Una miaka mingapi?" Hata hajakaa. Nikamwambia thelathini na nne, kwa sauti ya kumfukuza. Akaitikia kama mtu aliyerudishiwa chenji sahihi, akavuta kiti.

Anaitwa Tran Thi Hanh, Mvietnam, fundi wa kucha katika saluni iliyo chini ya jengo ninaloishi, Al Muraqqabat. Kumbe nampita kila siku. Anataka kwenda Jamhuri ya Cheki siku kumi kumwona bibi mmoja mzee anayeitwa Vera. Si ndugu yake, si jirani, si rafiki wa rika lake. Nilipomuuliza ni nani kwake, alifikiri sana, kisha akasema, "Ni mtu." Nimeandika pembeni: huyu anaficha jambo.

Nikamsomea mahitaji. Mvietnam haingii nchi zile bila viza, ila akiwa na ukaazi wa Emirates anaombea hapahapa, halazimiki kurudi Hanoi. Pasi iwe na kurasa mbili tupu. Barua ya mwaliko. Barua ya mwajiri kwamba hana pingamizi. Taarifa za benki za miezi mitatu zenye mhuri. Bima ya safari ya yuro elfu thelathini. Nafasi ya ndege ya kwenda na kurudi. Picha mbili, alama za vidole, na ukaazi wa hapa uendelee miezi mitatu baada ya kutoka huko. Aliandika kila neno, herufi ndogondogo zenye alama juu na chini.

Ukaazi wake unaisha tarehe 20 Desemba. Maana yake lazima awe amerudi kabla ya 20 Septemba, la sivyo hapati kitu.

"Madam wako wa saluni hawezi kukuongezea ukaazi mapema?"

"Madam anasema Desemba ni Desemba."

Jumanne, 17 Juni

Bwana Zein amepitia faili la Hanh. Ni Mzanzibari wa Vuga, aliletwa huku na wazazi wake akiwa na miaka sita, na mpaka leo anaongea kama jana ndiyo kapanda meli bandari ya Malindi, Unguja. "Hebu nitazamie hapa, bibie. Pahala pa kuzaliwa pako wapi?"

Nikatazama. Jina lipo, uraia upo, tarehe ipo, jinsia ipo. Mahali hapapo. Nikageuza kurasa zote, hapapo.

Kumbe katikati ya mwaka 2022 Vietnam ilianza kutoa pasi mpya za buluu, na kwa miezi kadhaa hazikutaja mwenyewe kazaliwa wapi. Baadhi ya nchi za Ulaya zikagoma kuzipokea, Cheki ikiwemo, mpaka Vietnam ikaparudisha mahali hapo. Aliyebaki na pasi ya miezi ile anapaswa kuandikiwa noti ndani yake na wakubwa wa kwao. Ya Hanh imetolewa Septemba 2022. Itabidi aende ubalozini kwao, Abu Dhabi.

Sikujua kama maelfu ya watu wanaweza kutembea duniani na pasi halali kabisa isiyosema walianzia wapi.

Jumatatu, 23 Juni

Hanh huja Jumatatu tu, siku yake ya mapumziko. Nimemchapia ombi la kupeleka ubalozini. Nilipofika kwenye kisanduku cha mahali pa kuzaliwa nikamuuliza kwao ni wapi, kama tunavyoulizana watu siku zote. Akajibu bila kupepesa, "Nam Dinh." Nikachapa. Dakika nane, kazi imekwisha. Najivunia kasi yangu. Jumatatu ijayo atalipeleka.

Jumanne, 24 Juni

Nafasi za miadi kwenye kituo cha viza: hakuna.

Jumatano, 25 Juni

Hakuna.

Ijumaa, 27 Juni

Barua ya mwaliko iliingia jana jioni kwenye barua pepe ya ofisi. Imeandikwa na Klara, mjukuu wa Bibi Vera, kwa Kicheki pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Nimeisoma mara tatu. "Bibi yangu ana miaka themanini na sita na ameanza kusahau. Anamwalika Hanh, mtoto aliyempokea mikononi katika hospitali ya mji wetu, Februari 1986."

Mji wao. Cheki. Na mimi nimechapa Nam Dinh.

Leo ni mwaka mpya wa Kiislamu, ofisi imefungwa, lakini saluni haina mwaka mpya. Nikashuka ngazi na hasira zangu zote. Hanh alikuwa peke yake, wateja hawajaanza kuja. Nikamwekea barua mezani. "Umenidanganya," nikamwambia. "Noti ingeandikwa ya uongo, Wacheki wangeilinganisha na barua hii, wangekunyima. Na jina langu limo kwenye fomu."

Hakukasirika. Alinivuta mkono, akachukua tupa yake, akaanza kucha ya kidole gumba. "Hukuniuliza nilizaliwa wapi. Uliniuliza kwetu. Kwetu ni kwa baba, Nam Dinh. Karatasi zetu za nyumbani zote zinataka hivyo, kwa baba ni wapi."

"Na kisanduku kilichoandikwa mahali pa kuzaliwa?"

"Fomu ulikuwa umeishika wewe, mdogo wangu."

Pasi yangu mimi inasema nimezaliwa Bukoba. Bukoba nimefika mara tatu, zote kwa misiba. Nilizaliwa Tabora, baba akifanya kazi reli. Siku ya kujaza fomu ya pasi baba alisema, "Andika Bukoba, ndiko kwenu," na mkono wangu haukusita. Mhaya hazaliwi Tabora, anapitia tu. Mimi huyu, mkusanya uongo wa watu, nimeubeba wangu mfukoni miaka yote nikiuona ni ukweli. Niliona aibu mpaka masikio yakawa moto.

Ndipo akanisimulia, kidole baada ya kidole.

Mama yake aliitwa Lua. Mwaka 1983 alipelekwa Chekoslovakia kwa mkataba wa kushona viatu kiwandani, pamoja na Wavietnam wengine wengi. Wanawake walikuwa na sharti lao: ukishika mimba, uitoe au urudishwe nyumbani. Lua akashika mimba ya kijana wa Nam Dinh aliyekuwa akifanya naye kazi, na akaificha ndani ya ovaroli. Aliyegundua ni Vera, Mcheki wa mashine ya jirani. Hakumwambia mtu. Uchungu ulipoanza alimpeleka hospitali, na baada ya siku tatu akamchukua mtoto akamficha nyumbani kwake, Lua akarudi kwenye mashine kama aliyetoka kuumwa tumbo. Vera akaomba zamu ya usiku ili mchana akae na mtoto, na usiku Lua akaja kwa siri kulala naye. King'ora cha chakula kikilia, Lua alikimbia kwenye theluji kwenda kunyonyesha, na Vera akasimama mlangoni kuchungulia kama kiongozi wa kundi la Wavietnam anakuja. Lugha hawakuwa nayo. Walikuwa na maneno kama ishirini. Waliishi hivyo majuma matano. La sita wakagunduliwa, na Lua na mtoto wakapandishwa ndege.

"Mama alifariki 2021," Hanh alisema. "Aliniambia, nenda ukamwonyeshe Vera kwamba ulikua."

Basi. Hakuna kingine anachokitaka Ulaya.

Akafungua droo chini ya rangi za kucha, akatoa cheti kilichofungwa kwenye nailoni, karatasi ya kahawia yenye mhuri mwekundu. Mahali: Gottwaldov, Chekoslovakia. Kwa hiyo nchi inayomuuliza kazaliwa wapi ndiyo nchi aliyozaliwa. Nimekaa hapa kitandani saa nzima na kalamu mkononi, nimestaajabu tu.

Nimesahau: nilimuuliza pia kwa nini siku ile alitaka umri wangu. Kwao humwiti mtu mpaka ujue ni mkubwa au mdogo wako. Ni shikamoo yao, na mimi nilikuwa nimenuna.

Jumatatu, 30 Juni

Fomu mpya, cheti kimeambatanishwa. Hanh amekwenda Abu Dhabi kwa basi la alfajiri na kurudi jioni na vumbi lote la barabara. Baada ya siku chache noti itakuwa tayari.

Jumanne, 8 Julai

Noti imekuja, mistari miwili na mhuri. Sasa nikakwama kwenye fomu ya viza yenyewe. Gottwaldov siku hizi unaitwa Zlin. Chekoslovakia haipo. Niandike mji wa jana au wa leo? Niliketi mbele ya kisanduku kimoja tangu chai mpaka adhuhuri.

"Andika kama ilivyo kwenye cheti," alisema Bwana Zein. "Kwani wewe mwalimu wa jografia?"

"Lakini nchi haipo, Bwana Zein."

"Mie n'mezaliwa Unguja ya Sultani. Nayo iko wapi? Nikiandika Tanzania, mamaangu atanambia siku ile mwanangu Tanzania haijatungwa." Alicheka peke yake. Kisha akaniuliza mama yake huyu Mvietnam alikwenda kufanya nini huko, nami nikamsimulia yote. Alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Mzee huyu nilikuwa namwona roho ya jiwe, anayejua mihuri tu. "Faili hili likae juu," akasema.

Nafasi za miadi: hakuna.

Alhamisi, 10 Julai

Klara ameandika. Bibi amesahau jina la marehemu mumewe.

Jumatatu, 14 Julai

Hakuna. Barua ya mwajiri imepatikana: likizo tarehe 8 hadi 18 Septemba, si siku moja zaidi. Nyuzi arobaini na saba.

Ijumaa, 18 Julai

Kiyoyozi cha chumbani kimekufa. Nimelala na taulo la maji.

Jumanne, 22 Julai

Hakuna. Bibi hajui tena kijiko kinaitwaje, lakini kila asubuhi anamuuliza Klara kama msichana wa Vietnam ameshafika.

Jumanne, 29 Julai

Hakuna. Nimegombana na kompyuta, nimegombana na mteja, nimegombana na Pauline. Huyu ndiye mwenzangu chumbani, Mkenya wa Kakamega, mlinzi wa zamu ya usiku kwenye hoteli moja Al Barsha. "Hiyo visa si yako, Marietha," kaniambia. "Si ukule, ulale. Unajisumbua na mtu wa kucha." Watu wengine hawana moyo.

Jumanne, 5 Agosti

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi simu ikalia. Pauline, yuko kwenye basi la kampuni akirudi kutoka zamu.

"Amka. Nimepata slot. Tarehe kumi na nne, saa tatu na robo. Nimebonyeza bila kukuuliza, aki usinikasirikie."

Kumbe majuma matatu, kila asubuhi akitoka kazini na miguu imevimba, alikuwa anaingia kwenye ukurasa wa miadi kwa nenosiri nililobandika kwenye friji. Hakuniambia kwa sababu, anasema, ningemsimamia. Ni kweli ningemsimamia. Nilimpikia chapati kabla sijaenda kazini, na nilichoandika tarehe 29 nakifuta.

Alhamisi, 14 Agosti

Bwana Zein aliniruhusu kumsindikiza Hanh kituoni. Karatasi zote zilipita, moja baada ya nyingine. Binti wa dirishani alisoma noti kwenye pasi, akamwangalia. "Umezaliwa Cheki?"

"Ndiyo," Hanh akasema, polepole. "Nimezaliwa huko." Nadhani hakuwahi kulitamka hilo mbele ya mtu mwenye mhuri.

Kisha vidole. Mashine ikamkataa. Mara ya pili ikamkataa, mara ya tatu, ya nne. Nikavishika vidole vyake: laini kama sabuni iliyotumika. Miaka kumi na moja ya asetoni ya kufutia rangi na tupa imemfuta alama. Yule binti, Mungu amjalie, hakufoka. Alimwambia anawe kwa maji ya moto, akae robo saa, apake losheni kidogo. Mara ya tano mashine ikalia na kukubali. Hanh aliinama akaishukuru, mashine yenyewe, sio binti.

Jumatano, 20 Agosti

Klara ameandika mistari miwili tu. Bibi hamtambui tena Klara mwenyewe.

Sikutaka kumwonyesha Hanh. Nikakaa na barua hiyo mchana kutwa, jioni nikashuka saluni nikampa simu asome. Alisoma, akanirudishia.

"Huenda usifike mapema," nikasema. "Huenda asikujue."

"Hata siku zile hakuwa ananijua," akajibu. "Nilikuwa mtoto wa mtu tu."



Jumatatu, 25 Agosti

Hakuna habari.

Alhamisi, 28 Agosti

Hakuna.

Jumatatu, 1 Septemba

Hakuna. Zimebaki siku saba. Bwana Zein ananiuliza kabla sijamwamkia.

Alhamisi, 4 Septemba

Saa nane mchana mjumbe akaleta bahasha ya Hanh kutoka kituo cha viza. Kesho ni Maulidi, ofisi imefungwa. Ingekuja Jumatatu ingekuwa khalas, imekwisha. Mimi na Bwana Zein tuliitazama juu ya meza. Kuifungua si haki yetu. "Mpelekee, yalla," akasema. "Na mie unambie, zuri au baya."

Nikavuka mkono wa bahari kwa abra, boti ya abiria, nikapanda basi, nikaingia saluni jasho likinichuruzika. Hanh alikuwa na mteja, mama mmoja wa makamo, rangi nyekundu. Aliiona bahasha. Aliniangalia usoni, akaona sijui lolote, akarudisha macho kwenye kazi. Alikuwa kwenye kidole cha tatu. Nilikaa pembeni nikamhesabia: cha nne, cha tano, mkono wa pili. Hakuharakisha hata kimoja. Akapaka ya juu, akasubiri ikauke, akamshukuru mteja, akamfungulia mlango. Kisha akanawa mikono, akaifuta, akafungua.

Viza ilikuwepo. Tarehe 8 hadi 18 Septemba, na picha yake amekaza midomo.

Mimi ndiye niliyelia. Nilipompigia Bwana Zein alisema alhamdulillahi mara tatu, kisha akasema simu inamsumbua masikio, akakata.

Jumatano, 10 Septemba

Hanh alipiga simu ya video saa kumi alasiri ya huku, Bwana Zein ameniruhusu kutoka mapema. Pauline alikuwa ndiyo anaamka. Tukakaa wawili kitandani kwangu, simu tukiiegemeza kwenye chupa ya maji. Klara ndiye aliyeshika simu upande wa kule. Nyumba ya wazee, dirisha kubwa, mti wenye majani yaliyoanza kugeuka. Bibi Vera yuko kwenye kiti, mdogo kuliko nilivyomfikiria, blanketi magotini.

Hanh akaingia. Alikuwa amevaa nguo nzuri na nywele kazifunga nyuma. Akapiga magoti mbele ya kiti, akasema sentensi ya Kicheki aliyofundishwa na Klara, kwamba yeye ni Hanh, na amekua.

Bibi Vera hakuisikia, au haikumfika. Alimtazama usoni muda mrefu. Halafu uso wake wote ukabadilika, akamkamata mkono wa nguo kwa nguvu ambayo sikudhani anayo.

"Lua," akasema.

Hanh hakumsahihisha.

Bibi akageuka kutazama mlango, kisha akamsogelea na kumnong'oneza. Klara alikuwa anatafsiri kwa Kiingereza: "Anauliza, mtoto yuko wapi. Anauliza kama wamemwona."

Miaka thelathini na tisa. Amesahau mume, kijiko, mjukuu anayemlisha. Hili hajalisahau, bado yuko mlangoni anachungulia. Nilimshika Pauline mkono, naye akanishika.

"Mwambie hawajamwona," Hanh akamwambia Klara. "Mwambie mtoto ameshiba. Amelala."

Klara akasema. Bibi Vera aliuachia ule mkono wa nguo, akashusha pumzi, akaegemea kiti. Kisha akaweka kidole midomoni, akatutazama sote mpaka kwenye simu.

"Basi msipige kelele," akasema.

Tukanyamaza wote, hata mimi na Pauline huku Dubai.